Kuanzia Tarehe Mosi Julai

12 Aprili

Wifi yangu,

Nakusalimu kwanza, maana ukikosa salamu utasema mawifi wa siku hizi hawana adabu. Huku tu wazima. Mwanao Chiriku amefika, tumbo mbele yeye nyuma, na tangu ateremke kwenye lori la barua hajafunga mdomo. Wauguzi wameshajua habari zote za nyumbani kwenu, hadi namna kaka yangu anavyokoroma. Mumewe yuko kambini na wenzake wa barabara, anakuja mara moja moja, vumbi hadi kwenye kope. Kwa hiyo binti analala kwangu, kwenye nyumba ya hospitali, na hapa hapa ndipo atakapojifungulia. Usimwonee huruma, anakula kuliko mimi.

Sasa lililonikalisha niandike. Daktari wetu mkubwa ameondoka, amekwenda kusoma zaidi, na hajaletwa mwingine. Mwenye kisu nimebaki mimi, daktari msaidizi. Unajua sisi wasaidizi tunapasua kwa ruhusa ya muda tu. Sheria ya Madaktari ilitupa miaka mitano, wakitarajia kwamba madaktari kamili watakuwa wameshatosha. Hawajatosha, na miaka mitano inakwisha mwisho wa Juni. Bunge lisipoongeza muda, basi kuanzia Julai nikimpasua mtu, hata nikimwokoa, ni kosa la jinai. Mwaka juzi mwenzangu mmoja alifungwa kwa kuvuka ruhusa yake, na mgonjwa wake yu hai, anauza mkaa.

Wewe unakaa mle mle zinamosemwa sheria, unaandika kila neno lao. Niambie, wataongeza? Kisu sijawahi kukiogopa. Hili naliogopa, nalala nalo, naamka nalo.

Ni mimi wifi yako usiyemtaka.

2 Mei

Wifi mkorofi,

Eti usiyemtaka! Nani alikuja kwenye harusi yangu amenuna kama aliyenyimwa mirathi, mimi au wewe?

Kaka yako hajambo. Presha ilipanda wiki iliyopita, akasema ni joto. Nikaikuta chumvi nyuma ya redio yake. Anamuulizia Chiriku kila asubuhi kabla hata ya kuvaa viatu. Nakuomba jambo moja: habari yoyote mbaya ya binti isije kwa jina la baba yake. Pitisha kwangu, tena uipunguze makali, maana moyo wa kaka yako si wa kuchezea.

Kuhusu swali lako, unajua tumekula kiapo. Sisi makarani wa kumbukumbu hatutoi nje neno la kamati kabla halijachapishwa. Mwenzetu mmoja alimnong'oneza shemeji yake habari za ushuru, akafukuzwa siku ile ile, na mpaka leo tukipita mezani kwake tunainamisha vichwa. Lakini hili lilisemwa ukumbini, mbele ya watu, kwa hiyo si siri. Tunaingia kwa zamu, kila mmoja anaandika kipande chake kifupi, anampisha mwenzake. Bahati ikanipa mimi kipande chenyewe. Waziri alisimama, nami nikaandika kwa mikono yangu hii: "Serikali itaongeza muda huo kwa mwaka mmoja."

Umesikia? Mwaka mzima. Kaa kwa amani, noa kisu chako, na mlishe mwanangu mboga.

Wifi yako uliyemnunia.

25 Mei

Wifi yangu mpenzi (leo umestahili),

Barua yako nimewasomea wauguzi kwenye veranda, sehemu ya Waziri peke yake, zile za kununa nimeziruka. Mzee wa usingizi, yule anayewalaza wagonjwa kabla sijawapasua, alivua kofia akasema sasa anaweza kununua viatu vipya. Nilikuwa sijui kama na yeye alikuwa anaogopa. Nimelala usingizi wa mtoto.

Simu ya hospitali imekufa tena, mvua imeangusha nguzo, na mto umejaa. Msitutegemee ila kwa lori.

Chiriku amepata shoga. Kwenye nyumba ya kungojea, pale wanapokaa wajawazito wanaotoka mbali, kuna msusi mmoja, mke wa fundi baiskeli. Mtoto wake wa kwanza nilimtoa mimi kwa kisu, na kovu lile haliruhusu kusukuma mara ya pili, kwa hiyo nilimwambia aje mapema akae karibu na mimi. Amekuja mwezi mzima na zaidi kabla ya siku zake, ametii kuliko wasomi. Amemsuka Chiriku mistari myembamba myembamba, kazi ya siku mbili, wakicheka hadi wagonjwa wa wodini wanalalamika. Mumewe anakuja Jumapili na kikapu cha matunda, anasalimia, anakaa, anaondoka. Mtu mpole sana.

Mtoto wa Chiriku anacheza sana. Bado anatafuta namna ya kulala, kama wapangaji wote wapya. Mama yake hajambo.

Msalimie kaka. Chumvi itafute sasa nyuma ya kabati.

14 Juni

Wifi,

Salamu nyingi. Kaka yako mzima, mimi mzima.

Leo sina maneno mengi. Nakuomba Chiriku arudi, ajifungulie huku nyumbani. Baba yake anamkumbuka. Mpandishe lori la kwanza litakalopita. Najua mlishapanga vingine, na najua utauliza kuna nini. Usiniulize, wifi. Mdomo wangu umefungwa, na nina mume mgonjwa na kazi moja tu inayotulisha.

Mlete tu binti. Na barua hii usimsomee mtu.

6 Julai

Wifi yangu,

Umekuwa bibi. Nimeanza na hilo ili mengine uyasome ukiwa umekaa. Ni msichana, ana mapafu ya mama yake, na wote wawili wazima. Mwambie kaka yangu polepole.

Barua yako ya kumwita Chiriku nimeipata jana. Lori lilikwama ng'ambo ya mto, na barua zote zikakaa huko zikinyeshewa. Nimeisoma, nikaikunja, nikaisoma tena.

Tarehe thelathini Juni, mchana, mkunga alikuwa na redio yake dirishani. Tukasikia kwamba Bunge limeahirishwa hadi Septemba, na miongoni mwa mambo ambayo hayakufikiwa wakataja Sheria ya Madaktari. Tulikuwa tunafunga bandeji. Mzee wa usingizi alitazama viatu vyake vipya. Baadaye katibu wa hospitali akafunga chumba cha upasuaji, akaja kunikabidhi ufunguo mbele ya watu. "Daktari," akasema, "kuanzia kesho ukifungua, umefungua wewe."

Asubuhi yake, tarehe mosi, msusi akashikwa na uchungu. Nikampakia kwenye gari letu kwenda hospitali kuu, ng'ambo ya mto.

Tarehe tatu akashikwa Chiriku. Sasa nikwambie nililokuficha: mtoto alikuwa amelala kingamo, ubavu chini badala ya kichwa, na alilala hivyo tangu mwezi wa tano. Nilinyamaza kwa ajili ya presha ya kaka, na kwa sababu uliniambia nikae kwa amani, nikajua nitamtoa mwenyewe. Nilijaribu kumgeuza kwa mikono, akakataa. Mkono wake mdogo ukatangulia kutoka. Gari lilikuwa halijarudi. Yule chiriku wetu, wifi, hakusema neno hata moja. Alinishika kiganja akanitazama usoni, basi. Nikafungua mlango.

Kazi ilikwenda vizuri.

Na sasa naogopa. Gari likinguruma barabarani, najua wamenifuata. Katibu ameacha kunipa mkono. Nimefunga nguo mbili na mswaki kwenye mkoba, uko chini ya kitanda, na Chiriku ananiuliza nasafiri kwenda wapi. Nitafutie habari, wifi. Safari hii niambie ukweli, hata kama una makali.

20 Julai

Wifi yangu, mwokozi wa mwanangu,

Nianzie wapi? Kaka yako nilimkalisha, nikamwambia nusu nusu kama ulivyoagiza. Alilia, kisha akacheka, kisha akataka kujua mjukuu ana pua ya nani. Nimemwambia ya kwako, ili asifurahi kupita kiasi.

Umetaka ukweli. Zamu yangu ilikwisha siku ile Waziri akiwa bado amesimama. Mwenzangu akakaa kitini, akaandika kipande kilichofuata, nacho kilianza hivi: "iwapo kamati itaridhia." Mimi nilikuwa nimeshashuka ngazi. Sisi hatusomi vipande vya wenzetu, kila mtu ana chake, ndivyo tulivyozoea. Nikakuandikia kipande changu kama vile ndiyo hotuba nzima. Miaka yote hii nawacheka wanaosikia nusu ya neno, na ona nilivyofanya.

Halafu mwezi wa sita nikapangiwa kamati yenyewe. Nilikaa pale, naandika, wakasema hakuna haraka, sheria ingoje kikao kijacho. Mmoja akasema wasaidizi wazoee kupeleka wagonjwa kwa wenye shahada. Vidole vyangu viliandika, mimi mwenyewe nilikuwa nakuona wewe. Nilitaka kukuandikia yote. Niliogopa kiapo, niliogopa kile kiti kitupu cha mwenzetu aliyefukuzwa. Nikakuandikia umlete Chiriku. Hilo tu ndilo nililothubutu.

Sasa huku moto umewaka. Hospitali nyingi zimefunga vyumba vya upasuaji, magazeti yanapiga kelele, na Bunge limeitwa kwa dharura. Wataongeza miezi sita, hilo si siri tena. Kinachobishaniwa ni kama nyongeza hiyo itawalinda waliopasua katikati, sheria ikiwa imekwisha. Wapo wanaosema wenye kosa wakamatwe wawe mfano. Nikisikia hivyo kalamu inaniteleza. Wifi, usikimbie wala usiseme zaidi ya unaloulizwa.

Na yule msusi, alifika salama? Alijifungua nini? Nimemnunulia kitambaa, nataka kumshukuru kwa kumchangamsha mwanangu.

4 Agosti

Wifi,

Mtoto ananenepa. Chiriku anatembea mwenyewe, ameanza tena kusema, ila kidogo.

Wakaguzi wamekuja, wawili, mashati meupe, heshima tele. Walikaa ofisini kwa katibu wakaniita kama mwanafunzi. Waliuliza juu ya Chiriku tu. "Ulijua sheria imekwisha?" Nikasema nilijua. "Kwa nini hukumpeleka hospitali kuu?" Nikasema gari halikuwepo. "Lilikuwa wapi?" Nikasema lilikuwa limempeleka mgonjwa mwingine. Wakaandika. Hawakuuliza mgonjwa gani. Mdogo wao akaniambia kwa upole kwamba kosa kama hili ni miaka miwili, na nisitoke nje ya wilaya hadi nitakapoitwa. Nilisema asante. Sijui nilishukuru nini.

Sili vizuri. Nikinawa mikono naiangalia, nadhani si yangu.

Tangu gari lirudi, kuna mtu anakuja kukaa kwenye benchi la nje kila asubuhi. Ni fundi baiskeli. Hagombi, haulizi, anaitikia salamu. Wauguzi wakimfikia wanapunguza sauti. Mimi naingilia mlango wa jikoni.

Umeniuliza habari za msusi. Chiriku hataki kufumua zile nywele. Zimechakaa, zinamwasha, namwambia nikufumulie, anashika kichwa kwa mikono miwili.

Kitambaa usikitume.

19 Agosti

Wifi! Wifi! Wifi!

Kaa chini, au simama, au panda juu ya meza. Imepita! Nimeomba nipewe zamu ya mwisho, na safari hii sikushuka ngazi hadi nilipoona karatasi zote, kipande cha kwanza hadi cha mwisho, na mhuri juu yake. Miezi sita, na sikiliza hapa: inaanza kutumika kuanzia tarehe mosi Julai. Siyo leo, siyo siku ya kutiwa sahihi. Mosi Julai! Maana yake hakuna hata siku moja iliyopita bila sheria. Mkono wako haukuwahi kukosa ruhusa. Siku ile ya Chiriku ulikuwa halali kama mimi na kaka yako.

Wale wa kukamata watu wamenyamaza. Kaka yako amepiga kigelegele, mwanamume mzima na presha yake, majirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Fungua huo mkoba, wifi. Toa mswaki. Pita mlango wa mbele, kifua mbele.

Tangazo lenyewe litaletwa hospitali zote libandikwe nje, kila mtu asome.

Nakuandikia nalia, na ni machozi mazuri. Hujaniambia bado habari za msusi, na kuhusu kitambaa sikukuelewa.

7 Septemba

Wifi yangu,

Msalimie kaka, mwambie kigelegele chake tumekisikia huku. Mjukuu wenu ameanza kucheka. Mwezi ujao mumewe Chiriku atawaleta nyumbani, wakae nanyi.

Wakaguzi wamefunga jalada langu. Nguo nimezirudisha kabatini. Najua umenisubiri nicheke na wewe, na nimejaribu, Mungu ananiona.

Msusi alikufa. Alifia kwenye foleni ya kivuko, mtoto akiwa tumboni, na gari likakwama hapo na maiti yake hadi maji yalipopungua. Nilijua liliporudi, lakini kusema kweli nilijua tangu anapanda. Nilimwekea mkono kwenye kovu, likawa linauma, na nafahamu maumivu yale yanakokwenda: kovu hupasuka kwa ndani. Alinitazama akasema, "Daktari, si wewe upo hapa?" Nikamwambia ruhusa yangu imekwisha jana. Akasema, "Lakini mimi nimekuja tangu mwezi wa tano." Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nikamfunika blanketi la hospitali, nikafunga mlango wa gari.

Siku mbili baadaye nikafungua kwa ufunguo ule ule. Nimewaambia wakaguzi gari halikuwepo, na ni kweli halikuwepo. Lakini hata lingekuwa mlangoni limewashwa, Chiriku nisingempandisha. Jela ningekwenda. Kwa msusi sikuwa tayari kwenda. Wewe unaelewa, wifi, maana ulipojua wewe ulimwita Chiriku peke yake, na wajawazito wengine wote walikuwa wanangoja kwenye veranda yangu. Hata barua ile ingewahi, angevuka Chiriku, na wao wangebaki. Sikulaumu. Siwezi kukulaumu bila kujilaumu kwanza.

Mpaka nilipopata barua yako nilikuwa na kitu kimoja cha kushika: kwamba siku ile sikuruhusiwa. Nilikuwa najiambia nikilala, nikiamka. Sheria ilinifunga mikono, ningefanyaje. Sasa wameniondolea hata hicho.

Tangazo limeletwa Jumatatu. Katibu akalibandika ukutani nje, juu ya lile benchi. Nilipita mlango wa mbele kama ulivyosema, maana nimechoka na jiko. Fundi baiskeli akasimama.

"Shikamoo, Daktari," akasema, na mtu huyu ni mkubwa kuliko mimi. "Macho yangu hayaoni maandishi madogo. Hapa wamesemaje?"

Nikamwambia wasaidizi wameruhusiwa kupasua kwa miezi sita.

"Kuanzia lini?"

Hapakuwa na mtu mwingine pale. Ningeweza kusema kuanzia leo, akaondoka, nisimwone tena. Nilifungua mdomo kusema hivyo. Nikasikia sauti yangu inasema, "Kuanzia tarehe mosi Julai."

Akahesabu kwa vidole. Kisha akauliza, "Mosi yenyewe imo? Asubuhi yake?"

"Imo," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia. Akainama, akatoa kifurushi chini ya benchi, akanipa mikononi. Blanketi, limefuliwa, limepigwa pasi, pembe kwa pembe.

"Hili ni la hospitali," akasema.